Mwalimu Nurys na Mkorofi wa Siku za Mvua

Saa nane na robo mchana, mwalimu Nurys Cantillo anaandika hesabu za sehemu ubaoni akiwa ameligeuzia darasa nusu ya mgongo tu. Jicho moja liko kwenye chaki, la pili liko dirishani. Kusini mwa Barranquilla wingu limeanza kufunga.

Darasa lina wanafunzi arobaini na watatu na feni mbili, moja mbovu tangu Machi. Safu ya tatu, Keilys Manotas, msichana wa miaka kumi na mitatu, ameanza kugonga dawati kwa rula.

"Keilys," mwalimu anamwita kwa sauti ya chini.

"Kwani nimefanya nini?"

"Redio hiyo imewashwa!" anadakia Breiner, mchekeshaji wa darasa, kutoka nyuma. "Ticha, mwandikie tu, tupumue."

Breiner anajua anachosema. Shuleni hapa kila mwanafunzi ana kurasa zake katika daftari la mwenendo. Kosa linaandikwa kwa wino, mwalimu anatia saini, mwanafunzi naye anatia saini chini yake. Makosa makubwa matatu yanampeleka mtoto mbele ya kamati, na kamati ikikaza shingo, mwakani hana nafasi. Keilys ameshafikisha matatu, yote kwa mkono wa mwalimu Nurys. Kamati inakaa Jumatatu ijayo.

Nurys ana miaka arobaini na minne, tisa kati ya hiyo ameitumia kufundisha kwa mikataba ya muda. Si mwalimu wa kupiga kelele. Mtoto akichokoza, anasogea na kusimama karibu naye huku akiendelea na somo. Anayeshindwa kutulia anapewa kazi ya kugawa madaftari. Mbinu hizo zimewalainisha wengi, lakini kwa Keilys ziligonga mwamba.

"Mara ya kwanza alirusha kiti," anasema. "Ya pili alinitukana, tusi ambalo hata sokoni wangegeuka kutazama. Ya tatu alipanda juu ya dawati akaanza kuimba. Mimi nikafanya wanachofanya walimu wote hapa. Nikamwandikia, nikampa karatasi ya kutokea getini, nikamwambia aende nyumbani."

Jumatatu wiki hii, akiwa ofisi ya walimu, alikuwa akinakili tarehe za makosa hayo kwa ajili ya kamati. Kando yake kulikuwa na daftari lake la vipindi, ambamo huandika somo lilipoishia. Akasoma tarehe ya kwanza, kisha akatazama daftari lile. *Mvua. Tumesimama kabla ya mfano wa nne.* Tarehe ya pili, mvua. Ya tatu, mvua.

"Nikafunga daftari, nikaulizia wanakoishi," anasema.

Mvua ya mji huu haina adabu. Ikishuka kwa nusu saa, barabara za bondeni zinageuka arroyo, mto wa maji machafu unaobeba pikipiki, magari na watu. Ndiyo maana shule ina sheria: wingu likifunga, hakuna mtoto kutoka, hata awe na ruhusa ya mzazi. Ila sheria hiyo haikumkumbuka mkorofi. Anayefukuzwa darasani hupewa karatasi na mlinzi humfungulia geti, liwe jua iwe mvua. Wenye adabu wanabaki pakavu, mkorofi anatupwa nje.

Jioni ileile Nurys alimfuata Keilys nyumbani kwao, vyumba viwili ukingoni mwa barabara ambayo hugeuka arroyo. Ukutani palikuwa na mstari wa tope uliofika magotini. Bibi yake, Digna, alikuwa amelala kwenye godoro chini. Hatembei tangu apooze miaka miwili iliyopita. Mama wa Keilys huosha vyombo hotelini mjini na hurudi saa mbili usiku, kwa hiyo maji yakiingia mchana bibi hana wa kumwinua ila Keilys.

"Kwa nini hukuniomba ruhusa, mwanangu?" mwalimu aliuliza.

"Niliomba, ticha. Mara ya kwanza kabisa. Ukaniambia kaa chini, mvua inakuja, hakuna kutoka."

"Ndipo ukarusha kiti?"

"Breiner alikuwa ameshafukuzwa wiki ile. Nikaona kumbe mlango ni huo."

"Mara tatu nimemtupa nje mtoto wa watu kwenye mvua ile," anasema Nurys. "Karatasi za getini zina saini yangu. Je, angesombwa?"

Asubuhi yake alikwenda kwa mratibu wa nidhamu, Osvaldo Charris, kuomba makosa yafutwe. Charris si mtu mbaya, ila ana wanafunzi elfu moja na mia mbili.

"Dada Nurys, wino haufutwi," alimjibu. "Na ukifuta la huyu, kesho darasa zima litakuwa na bibi mgonjwa. Tusi si tusi? Yaseme mbele ya kamati."

Sasa, Alhamisi, radi ya kwanza inapiga. Keilys anainuka, anasukuma dawati, madaftari yanamwagika sakafuni. Darasa linashangilia. Nurys anawahi mlangoni na kusimama katikati, mikono pande zote mbili za fremu.

"Nitukane ukitaka," anasema. "Leo hutoki."

"Niache! Atakufa mle ndani!"

Kelele zinakatika ghafla. Nurys anatoa simu na kumpigia Emperatriz, jirani muuza arepa, mikate ya mahindi, ambaye tangu Jumanne anakaa na ufunguo wa akina Keilys kwa ombi la mwalimu. Simu inaita hadi inakata. Anapiga tena. Matone ya kwanza yanagonga bati. Anapiga mara ya tatu. Keilys amemshika kiwiko.

"Haloo!" Sauti ya Emperatriz inasikika darasa zima. "Mbona mnanipigia kama polisi? Mikono ilikuwa imejaa bibi! Tumempandisha juu ya meza, mimi na wanangu. Anakula arepa yangu ya yai, na hajalipa."

Hakuna anayecheka isipokuwa Keilys, naye anacheka huku analia. Breiner ameinama, anaokota madaftari bila kuambiwa.

Mvua inanyesha dakika hamsini. Ikipungua, Nurys anafungua daftari la mwenendo kwenye ukurasa wa Keilys na kuandika, kwa wino, kosa la nne: *Mwalimu alimtoa mwanafunzi nje wakati wa hatari, mara tatu, bila kumuuliza sababu.* Anatia saini kwenye mstari wa mkosaji. Mstari wa mwalimu anampa Keilys atie saini yake.

Hajui Jumatatu kamati italipokeaje. Mkataba wake unaisha Novemba, na amejiandikia kosa kwa mkono wake mwenyewe. Tangu wiki hii ianze hajamaliza sahani ya chakula.

"Nitawaambia wambakize Keilys, na sheria ya mvua iwe ya wote, hata wakorofi," anasema akifuta ubao. "Nikifanikiwa, najua nitakachokitaka mwakani. Mvua inyeshe kubwa, nigeuke, nimkute yule mtoto amelalia dawati, amechoshwa na hesabu zangu kama wenzake."