Mahali pa Kumweka Mume

Jumamosi nilikuwa kwa jirani yangu hapa Rulenge, fundi redio ambaye kompyuta yake ndiyo inayopiga muziki nyumba nzima. Mama mmoja wa kambi ya wakimbizi, aliyekaribia kurudi kwao Burundi, alimletea kaseti ya kwaya ainakili kwenye kompyuta. Humo anaimba marehemu mumewe. Kompyuta ikagoma, ikaandika: diski imejaa, chagua pengine pa kuweka mafaili ya muda.

“Ya muda ndiyo nini?” akauliza mama.

“Yanakaa kidogo, kisha yanafutwa,” fundi akajibu.

Mama akafunika kaseti kwa kiganja. “Basi huyu usimweke huko.”

Fundi alifuta nyimbo zake za dansi kwenye diski ya pili, mafaili ya muda yakahamia huko, na sauti ya mume ikapata mahali pa kudumu kwenye diski ya kwanza. Sauti ilipotoka, mama aliinama akaitikia polepole.

Wilayani kwetu, kwenye kambi za wakimbizi, tunabishana sana nani akae wapi na nani arudi kwao. Fundi alimpatia mgeni mahali bila kuitisha hata kikao.