Maji ya Vijiko Arobaini

Saa mbili asubuhi, Kunsulu Daribayeva amepiga magoti kwenye kisima cha Bibi Balzia, kitongoji cha Tuzkuduk, nyika ya Atyrau. Anateremsha chombo chembamba cha plastiki kwa kamba, anakivuta, anakinusa. Anasimama. Anakizunguka kisima. Anapiga magoti tena.

"Huyu hatulii," anacheka Bibi Balzia mlangoni. "Mwanangu, njoo unywe chai. Kisima hakina miguu."

Kunsulu, mwenye miaka arobaini na sita, hupima udongo na maji ya ardhini kujua kama mafuta ghafi yamepenya. Mwaka huu amepita visima ishirini na saba karibu na mitambo chakavu ya mafuta. Kazini kwake amri ni moja: asitamke neno mpaka maabara ya mjini ijibu, na majibu huchukua wiki mbili.

"Ukisema mapema ukakosea, watu wanahama bure," anasema. "Ukinyamaza, wanaendelea kunywa. Hapo ndipo usingizi unaponikimbia."

Leo wiki mbili hana. Ndani, Nurasyl, mjukuu wa Balzia, ametimiza siku arobaini, na wanawake wamekuja kumwogesha kwa vijiko arobaini vya maji, kila kijiko na dua yake. Beseni ni la maji ya kisima hicho hicho, na sarafu za fedha zimelala ndani yake. Kijiko cha kwanza anapewa mgeni. Kukataa ni kumtakia mtoto mabaya.

Kunsulu anakishika. Anainama juu ya beseni, anachungulia.

Juu ya maji umetanda utando wa rangi rangi. Balzia anasema hiyo ni kutu ya ndoo tu, mbona chai wanakunywa kila siku na hajafa mtu.

"Koroga mwenyewe, bibi," Kunsulu anamwambia, akimrudishia kijiko. "Utando wa kutu hukatika vipande vipande. Wa mafuta hurudi ukashikana."

Balzia anakoroga. Utando unapasuka, unazunguka, kisha unajiunga taratibu. Anakoroga tena, kwa hasira. Unajiunga tena. Mama wa mtoto anamvuta mwanawe kifuani.

"Miezi tisa ya mimba yake nimempikia binti huyu kwa maji haya," anasema Balzia. "Kwa mikono yangu hii."

Kunsulu anajua mkuu wake atamfokea, na liwalo na liwe. Anakimbilia garini, anarudi na dumu la maji safi ya kusuuzia vyombo vyake, na Nurasyl anaogeshwa kwa hayo. Kijiko cha kwanza anamimina yeye.

Dumu limekwisha, na bila maji ya kusuuzia hawezi kupima kisima kingine. Itabidi arudi mjini. Akifika, anataka kudai lori la maji kwa kitongoji hiki, kisha atafute mahali pa kuchimba kisima kipya, mbali na mitambo.

"Siku mtoto huyu akianza kutembea na kukatwa ile kamba ya desturi anayofungwa miguuni, anywe maji ya kwao," anasema, tayari yuko kwenye usukani.

Chai yake imebaki mezani. Balzia anaimwaga nje, macho yakifuata vumbi la gari.

"Hatulii huyu," anasema, na safari hii hacheki. "Na asitulie."