Zamu za maji zilifutika kwenye programu yangu, sasa baba anataka niseme hazikuwepo

Admin, nifiche jina, baba naye anafuata peji hii.

Nina miaka kumi na saba, ni msichana wa kidato cha tano, kwetu ni chini ya Mlima Meru, upande wa Kikwe. Shuleni tunaongea Kiingereza, nyumbani Kiswahili, na kote huko mimi watu wakizidi watatu sauti inakata. Ndiyo maana naandika, na naandika kwa hasira.

Baba ni mwenyekiti wa mfereji unaomwagilia mashamba yetu. Kila kiangazi watu wanagombania zamu za maji hadi kutoleana majembe. Likizo hii nikatengeneza programu kwenye laptop ya kaka: inachora mashamba yote, ukibofya shamba linageuka bluu na zamu inaandikwa juu yake. Baba akawaita wazee sebuleni, akasema safari hii hakuna karatasi, kila kitu kinaingia humo.

Walibishana asubuhi nzima. Mwisho jirani yetu, mzee mmoja mkali, akakubali kumwachia mama mmoja mjane zamu yake ya Jumamosi mchana, maana yule mama kila mara anatupiwa maji ya usiku na ana watoto wadogo. Nikabofya, ikawa bluu.

Kaka akalishusha dirisha la programu ili awaonyeshe picha za ndama wake. Alipolirudisha, mipaka ya mashamba ipo, bluu yote na maandishi ya zamu hakuna. Kosa ni langu. Mipaka niliiweka kwenye ile sehemu ya programu inayofanya kazi kila dirisha linapotakiwa kujichora upya. Zamu nilizichora mara moja tu, palepale mtu anapobofya, sikuzihifadhi popote. Dirisha halikumbuki ulichokipaka. Mimi niliona rangi imetokea nikajua nimemaliza.

Yule mzee akatabasamu. "Mwenyekiti, mimi sikumbuki kutoa zamu. Labda binti yako aliota."

Wakacheka. Waliomsikia kwa masikio yao wakainamia vikombe vya chai. Baba akaniambia mbele yao niende jikoni, kwenye kazi ninayoiweza.

Nimeshairekebisha. Sasa zamu inahifadhiwa kwanza, halafu dirisha linachora kutoka huko. Nimelishusha, nimelivuta, nimelifunika, hakifutiki kitu. Baba hakuangalia hata skrini. Uchaguzi wa mfereji umekaribia na ukoo wa yule mzee ni mkubwa.

"Jumapili baada ya ibada utasimama useme kompyuta ilikosea, hakuna zamu iliyogawiwa," alisema. "Ukikataa, habari za kusomea kompyuta usizitaje nyumbani kwangu."

Jana nimekutana na mama mjane. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, si na wewe ulikuwepo?" Nikainamia miguu yangu, kama wale wazee ninaowachukia walivyoinamia vikombe. Kabichi zake zinanyauka.

Nikisema ukweli namwaibisha baba mbele ya watu wote. Nikisema anachotaka, mara yangu ya kwanza kufungua mdomo hadharani itakuwa ya kumnyang'anya mjane maji. Jamani, Jumapili nikisimama niseme nini? Ila msiniambie nimheshimu baba. Hilo nimelifanya miaka kumi na saba.