Mkono Mmoja Ndani ya Tangi

Mimi nina mdomo. Pale kwenye zahanati ninapofanya kazi, Tunduma, madereva wa malori wananiogopa kuliko askari wa barabarani. Jumatano ni siku ya wagonjwa wa sukari. Wanakuja kutoka kwenye foleni ya mpakani, wengine wamelala humo siku tatu, nne, wanavua viatu, na mimi nachukua kiuzi kigumu cha plastiki nawagusa nyayo. Wanafumba macho, wakisikia wanasema. Utakuta mtu mzima ana kidonda kinatoa usaha, mguu huo huo ndio anaokanyagia breki, na ananiambia hasikii kitu. Hapo namsema mpaka anaomba maji ya kunywa. Simwonei mtu haya. Sukari huanza kuua miguu, na ikishapanda hadi vidole vya mikono ujue miguu ilishakwenda zamani.

Mama yangu ana sukari, huu mwaka wa tisa. Miguu yake sijawahi kuipima. Utamwambiaje mama yako mzazi avue viatu umkague?

Nieleze kwanza kazi yake, maana hata majirani zangu wa Tunduma hawaijui. Sisi ni watu wa Mbozi, unashuka Nanyala unaingia ndani kwa bodaboda. Kahawa ikishamenywa ganda jekundu inabaki na ute, inateleza kama mlenda. Inalazwa kwenye tangi mpaka ute uachie, ndipo inaoshwa. Ukiosha mapema, inaota ukungu juu ya meza za kukaushia. Ukichelewa inachacha, na hapo gunia zima linanuka. Bwana shamba alituandikia masaa kwenye karatasi, tukamshukuru, lakini baridi ya Mbozi ya mwezi wa saba haisomi karatasi. Tangi la leo linaiva asubuhi, la kesho linaiva jioni. Kinachojua ni mkono. Unauzamisha hadi kiwiko, unachota punje za chini kabisa, unafikicha. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama changarawe, osheni haraka.

Mama aliolewa akitokea Ikinga, kule Ileje, na kwao walilima mahindi na maharage tu. Bibi, mama yake baba, alimweka misimu mitatu anaosha na kubeba, haruhusiwi kufikicha hata punje moja. Msimu wa nne akamruhusu, na kila alipokosea alirudishwa kuosha. Alikosea sana, mwenyewe alikuwa anatusimulia huku anacheka. Kuna siku alikaa nyuma ya nyumba akalia, akataka kurudi kwao kwa miguu. Baadaye mkono ukaelewa.

Wanawake wa pale walipounda kikundi wakanunua mashine ya kumenyea na kujenga tangi la saruji la wote, lakini kufikicha kukabaki kwa mama. Mkono mmoja tu, ndiyo desturi. Hata mwenyekiti wa kikundi haingizi wake, kwa sababu mikono miwili italeta maneno mawili, na kahawa haingojei watu wabishane. Mwenye mkono siku hiyo hajipaki mafuta wala hagusi sabuni. Akisema bado, ni bado, hakuna wa kuuliza.

Baba alipofariki, shemeji zake mama walikuja na neno lao. Mjane hana mtoto wa kiume, arudi kwao, shamba libaki kwa ukoo. Wanawake wa kikundi wakaja wakajaa uani. Hawakupiga kelele, walikaa chini tu na kanga zao. Mwenyekiti akawauliza wale wanaume, "Mkimfukuza huyu, kahawa yenu nyie mtaifikichisha kwa nani?" Wakanywea, wakaaga. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na tangu siku ile nilijua kwamba nyumba, shamba, hadi kaburi la mume wake lililo pale chini ya migomba, mama anavishikilia kwa vidole vile.

Mwaka huu nilichukua likizo mwezi wa saba nikamsaidie. Jumamosi tulikuwa jikoni, anapika maharage, ananiuliza habari za mpakani. Kaa la moto likabingirika kutoka mafigani. Akaliokota kwa mkono wa kushoto. Wanawake wote tunaokota kaa, lakini tunalirusha upesi. Yeye alilishika. Akaendelea kuongea, hata akaninyooshea kidole kwa mkono ule ule, kaa liko kiganjani, ndipo akalirudisha taratibu. Nikasikia harufu ya ngozi.

"Mama! Mkono!"

Akautazama kama wa mtu mwingine. "Aa, mikono ya kazi hii," akasema. "Imeshakomaa." Akacheka. Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Dereva ningemsema. Mama yangu, mdomo uligoma. Nilijua pale pale kilichotokea, na nilijua kesho yake wanafungua tangi la kwanza la msimu, na shemeji zake bado wako hai, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikampaka asali kwenye lengelenge, nikajiambia huo ni wa kushoto, tangini anaingiza wa kulia. Nesi mzima, miaka kumi na miwili kazini, nikajiambia upuuzi kama huo na nikalala nao.

Jumapili asubuhi wanawake walizunguka tangi, baridi inauma, pumzi zinatoka moshi. Mama akakunja mkono wa blauzi akazamisha. Akafumba macho, akafikicha, akatikisa kichwa. "Bado."

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mdomo wa kutolea maji, punje chache zimenasa kwenye wavu. Nikazichukua, nikazifikicha nyuma ya mgongo wangu kama mwizi. Zilikwaruza. Za pembeni huwahi kuiva, nikajiambia. Tukaenda kanisani. Tuliporudi akaingiza tena mkono. "Bado." Mwanamke mmoja akasema mbona anasikia kaharufu. Mwenyekiti akamkata, "Mwenye mkono amesema." Tukatawanyika.

Jumatatu asubuhi harufu ilitupokea njiani, hata tangi halijaonekana, kama pombe ya komoni iliyolala siku nyingi. Mwenyekiti akafunua turubai.  Mle ndani kulikuwa na kahawa ya nyumba zote, mchumo wa kwanza, ule mzuri, uliochaguliwa punje kwa punje.

Ndipo nilipoelewa alivyokosea, nikaona nilikuwa mjinga mara mbili, kwa ule mkono wa kushoto na kwa zile punje za pembeni. Kahawa changa inateleza, haikupi kitu cha kushika. Mkono uliokufa nao haupati kitu cha kushika. Kwa mama kahawa yote ilikuwa changa. Angeweza kukaa pale hadi Krismasi anasema bado.

"Dada," mwenyekiti akamwambia, sauti ya chini, "hii imekuwaje?"

Mama akarudi nyuma hatua moja. "Kuna mtu ameingiza mkono wa mafuta humu," akasema. "Au tangi halikusuguliwa. Nani alisugua?"

Wote tulimjua aliyesugua. Alikuwa binti mmoja aliyeolewa pale tangu Pasaka, mgeni, hana hata wa kumtetea. Macho yote yakamgeukia. Akaanza kulia, anasema alisugua, wallahi alisugua, mpaka kucha zilikatika, anazionyesha. Mama mkwe wake akamwambia anyamaze. Mmoja akasema kwa Kinyiha neno ambalo sitaliandika. Na mama yangu, ambaye naye alilia nyuma ya nyumba akiwa kama binti huyu, alimtazama wala hakumwonea huruma. Alikuwa anaogopa. Sijawahi kumwona anaogopa namna ile.

"Mkono wangu ni mzima," akasema. "Muulizeni nesi huyu hapa. Siku ya tatu leo ninakula naye, ninalala naye. Ni kazi yake kupima watu. Mwambie, mwanangu."

Wakanigeukia. Ningesema ndiyo, binti yule angefukuzwa kwenye kikundi kabla ya saa sita, na mama angebaki na mkono wake mpaka tangi la pili. Ningesema hapana, nyumba na shamba basi. Sikuweza lolote kati ya hayo. Kilichotoka ni kile ninachokifanya kila Jumatano.

"Mama, kaa hapa. Leta mikono."

Alikaa kwenye ukingo wa tangi kwa haraka, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepata shahidi. Akaweka mikono yote miwili magotini, viganja juu. Vidole vilikuwa vizuri, virefu, vyeusi kwenye kucha kwa utomvu wa kahawa. Sikuwa na kile kiuzi changu. Nikang'oa bua la nyasi kavu, gumu, nikapiga magoti mbele yake kwenye maji yale yanayonuka. Nikamwambia afumbe macho na aseme kila atakaposikia. Akafumba, akakaa wima.

Nilianza na dole gumba la kulia. Nikagusa, nikangoja. Nikaenda cha shahada, kile anachofikichia, nikabonyeza mpaka bua likapinda. Wanawake walisogea, binti yule akaacha kulia. Cha kati. Cha pete, pete ya baba bado ipo. Kile kidogo. Nikahamia mkono wa kushoto, machozi yananitoka na sikuyafuta, nikagusa vitano vile vyote kimoja kimoja, na kile cha mwisho nilikichoma, nikaona tone la damu.

Mama alikuwa ametulia, macho yamefumbwa, uso umeinuliwa.

"Haya, anza basi, mwanangu," akasema. "Watu wana kazi."