Babu Pete hataki vitunguu vyake vipakiwe kwenye pikipiki

Saa kumi jioni mafuta yamepata moto. Babu Pete anadondosha tone la uji wa unga kuyapima. Tone linazama, linaibuka likichezacheza. Mkono wa kushoto unaigaragaza pete ya kitunguu kwenye unga mkavu. Wa kulia unaichovya kwenye uji wa ngano uliokorogwa kwa maji ya barafu, kisha unaiteremsha karaini. Akichanganya mikono, anasema, vidole vyake vitavaa ganda nene kuliko vitunguu.

Ana miaka sitini na nne, mtunza stoo mstaafu. Huuza pete hizo kupitia dirisha la jikoni kwake, linalotazama njia ya miguu. Jina la Babu Pete alipewa na wateja, naye halikatai.

Mpishi hasa alikuwa mkewe. Kwa miaka ishirini na sita alizikaanga kila Ijumaa, na kazi ya mume ikawa kula. Mke alipofariki, miaka mitatu iliyopita, mgane huyu alijaribu mwenyewe.

“Za kwanza ziliniaibisha,” anasema. “Ganda lilibaki kwenye mafuta, kitunguu kikatoka uchi kama kilivyozaliwa.”

Ilimchukua miezi miwili kugundua kwamba pete hufutwa maji kabla ya kugusa unga. “Miaka yote hiyo mke wangu alikuwa ananiomba kitambaa, nampa. Sikuwahi kumuuliza cha nini.”

Chakula anakipata kwenye pensheni. Kilichompeleka jikoni ni ukimya. Binti yake wa pekee anaishi safari ya siku mbili kutoka hapo, na hupiga simu Jumapili.

“Kuna siku nilikaa toka asubuhi mpaka nalala sijatamka neno,” anasema. “Nikasema ‘karibu’ peke yangu, nione kama sauti bado ipo.”

Pete za vitunguu hazina subira. Zikipita dakika kumi zimelegea, hivyo mteja hana budi kusimama dirishani zikikaangwa, na anayesubiri huongea. Mmoja atalalamikia bei ya mafuta, mwingine atamsema mkwe wake. Babu Pete huwasikiliza wote, na wakati mwingine hupunguza moto kidogo ili maongezi yafike mwisho. Hilo analikiri bila haya.

Kwa siku huuza pakiti ishirini na tano, na faida yake inafikia kodi ya nyumba kwa kuchechemea. Mwezi uliopita kodi ikapanda. Wiki hii mwenye mgahawa mmoja akaja na neno: anataka pakiti sitini kila siku, atatuma pikipiki. Kipato kingezidi mara mbili, ila asingebaki na nafasi ya kumhudumia mtu dirishani. Jibu linatakiwa kesho.

Binti yake alimhimiza akubali, akamkumbusha kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Baba akamwambia amesikia.

“Mwenye pikipiki havui hata kofia, anachukua mzigo anaondoka,” anasema sasa, akiepua pete za mwisho. “Nitamwambia hapana. Naogopa, sikufichi. Mwenye nyumba halipwi kwa maongezi.”

Mpango wake ni kufungua sebule. Ana meza na viti vinne ambavyo havijakaliwa tangu msiba. Wateja watakula humo, na kwa kuwa watakuwa wamekaa, huenda wakaongeza pakiti ya pili. Kinachomnyima usingizi ni kitu kingine. Kwa karibu miaka mitatu watu wamekula dirishani, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyewahi kuvuka kizingiti, naye hajui kama kuna atakayetaka kukaa na mzee.

Ananawa mikono, anavuta kiti, anamuuliza mwandishi wa habari hii, aliyekaa naye jikoni, aliingia saa ngapi. Saa kumi kasorobo. Anaitazama saa ya ukutani, inayokaribia saa kumi na mbili.

“Basi inawezekana,” anasema.