Spiriti Iliyochachishwa na Kamati

Nilipanda gari moshi Mombasa, daraja la tatu, nikavuka ghuba kutoka Kisumu kwa meli iliyonuka mafuta na samaki, na kutoka Kendu nikapata lori lililobeba chumvi na mabati. Nilikaa juu ya mabati. Mjini Kisii nililala kwa Mwislamu mmoja mwenye duka la nguo. Aliponiuliza ninakokwenda nikamwambia vilima vya Nyamira, alicheka.

"Utakula ndizi, bwana, mpaka uote mgomba."

Kesho yake nikatembea mchana kutwa, mvua ikininyeshea njia nzima. Nilikuwa na cheti cha sekondari na miguu isiyotulia. Shule ya misheni ilitaka mwalimu wa sayansi, nami nilitaka mahali pa kukaa mwaka mmoja. Nikakaa mitatu, na sababu kubwa ilikuwa hewa. Hewa ile ya asubuhi, yenye baridi na harufu ya moshi wa kuni, sijaipata tena popote. Watu waliokuwa wakiivuta ni habari nyingine.

Mwalimu mkuu alivaa tai hata akienda chooni, na kitabu cha kemia kwake kilikuwa kitu cha kukalishia taa. Juu yake palikuwa na kamati ya wazee watano wa kanisa, iliyoamua kila jambo, kuanzia mipini ya majembe hadi urefu wa sketi. Mwenyekiti wao alikuwa na kinu cha maji cha kusagia mahindi, na kwa kuwa kinu kilizunguka, aliamini kwamba anajua mitambo yote ya dunia. Maabara, ndivyo tulivyoiita, ilikuwa ghala la zamani la wimbi. Panya hawakuwa wamearifiwa juu ya mabadiliko hayo.

Darasa langu la juu lilikuwa na watu kumi na tisa. Nasema watu kwa sababu wengine walikuwa na ndevu, na mmoja alikuwa na mke na watoto wawili. Mkaguzi wa elimu, Mzungu, alikuwa anakuja kuona kama shule inafaa kupewa kibali cha kuwafikisha kwenye mtihani wa cheti. Akikataa, wote kumi na tisa wangerudi nyumbani kushika jembe, na yule mwenye mke alikuwa ameuza ng'ombe wake wa mwisho ili asome. Mkaguzi aliandika kwamba atataka kuona jaribio moja la kemia ya kaboni likifanywa mbele yake.

Nikachagua jaribio rahisi kabisa. Ukichukua alkoholi ukaipasha moto pamoja na asidi kali ya salfuri, asidi inainyang'anya maji, na kinachobaki ni gesi iitwayo ethilini, mdogo kuliko wote katika ukoo wa alkeni. Gesi hiyo ukiipitisha kwenye maji ya bromini yenye rangi ya kahawia, rangi inatoweka. Lakini alkoholi hiyohiyo ukiizimua kwa maji ukaiacha wazi hewani, ikapata vijidudu vyake, inachacha na kuwa asidi ya siki, ambayo ni ya ukoo wa asidi za kaboksili. Kutoka alkoholi njia ni mbili, na ukishaipoteza kwenye moja huipati kwenye nyingine. Wanafunzi walilielewa hilo kwa somo moja.

Spiriti ilikuja kutoka Kisumu ndani ya debe dogo, baada ya kungojewa wiki tatu. Mwenyekiti alilifungua kabla yangu.

"Hii debe iko na pombe, mwalimu."

"Ni dawa ya maabara, mzee. Hainywewi."

"Mimi nilikunywa miaka kumi kabla sijaokoka. Usinifundishe harufu."

"Mbona karatasi yake imeandikwa sumu?"

"Shetani hasomi karatasi."

Nikaliacha debe kwa mwalimu mkuu, aliyeapa kulitunza, nikaenda Kisii kutafuta mipira ya kuunganishia mirija ya kioo. Barabara iliharibika, nikachelewa siku sita. Niliporudi kamati ilikuwa imeshakaa na kutoa hukumu.

Kanisa lao lilikuwa na sheria yake, nami sijaikuta kwingine. Kinachochoma koo ni pombe. Kinachotia ganzi meno ni chakula. Ndiyo maana muumini aliyekutwa na chungu cha pombe ya wimbi hakulazimishwa kuimwaga; aliambiwa aiache ichache, kisha wazee waje waionje. Sasa sheria hiyo wakaishusha juu ya spiriti yangu. Walikuwa wameimimina ndani ya mtungi, wakaongeza ndoo mbili za maji na kibuyu cha uji mkali, wakaufunika kwa jani la mgomba, wakauombea.

Mwalimu mkuu alinionyesha mtungi kama baba anayeonyesha mtoto mchanga.

"Imeanza kuchacha. Tumepata suluhisho la amani."

Nilionja. Ilikuwa kweli imeanza kuwa siki. Watu watano wasiojua herufi moja ya kemia walikuwa wameiweka alkoholi kwenye njia ya kaboksili, na kuharibu kitu pekee tulichohitaji. Mkaguzi alikuwa anakuja baada ya siku nane.

Jumapili, wakiwa kanisani wakiimba, nilishuka mtoni kwa mama mmoja mjane aliyepika chang'aa.

"Mwalimu wa misheni," akasema bila kuinuka. "Umepotea njia au umepata akili?"

"Nataka kali kuliko zote, mama. Si ya kunywa."

"Kila mtu huniambia si ya kunywa."

Alichovya kidole katika kikombe, akakipitisha kwenye moto. Kidole kikawaka samawati, akakipuliza polepole. Akaniambia kikombe cha kwanza cha kila mpiko hukimwaga, kwa sababu kinapofusha. Hakuna aliyemfundisha. Katika vilima vyote vile ndiye mkemia pekee niliyekutana naye, hata nikijihesabu mimi.

Nikaipika tena ile chang'aa mara mbili katika vioo vya shule. Siku ya ukaguzi gesi ilitoka, nikaipitisha kwenye maji ya magadi kuisafisha, kisha kwenye bromini. Rangi ya kahawia ikafifia, ikaisha. Mkaguzi akainama kutazama.

"Mzuri. Spiriti natoka wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mwalimu mkuu akajibu: "Tumetengeneza hapa hapa, bwana. Kwa wimbi."

Mkaguzi akafurahi zaidi, akatia sahihi. Kamati ikapiga makofi. Iliwachukua siku mbili nzima kujiuliza ni wimbi gani, na kuifuata harufu hadi mtoni.

"Kibali tumepata kwa neema," mwenyekiti aliniambia waliponiita. "Lakini wewe umeleta chang'aa shuleni."

"Hiyo chang'aa ndiyo neema yenyewe, mzee."

"Kibali ni cha shule. Dhambi ni yako. Utaondoka kesho."

"Na kemia atafundisha nani?"

"Mimi," mwalimu mkuu akasema. "Nilikuwa nakutazama ulivyofanya."

Mtu anayeweza kusema hivyo bila kuona haya hana mahali ambapo hoja inaweza kumshika.

Asubuhi nililichukua darasa langu kwa saa moja na kuwaandikia ubaoni yote niliyoyajua: alkeni, alkoholi, asidi, na namna ya kutoka hapa kwenda pale. Yule mwenye mke alinakili yote, kisha akauliza:

"Mwalimu mkuu akikosea, tumwambie?"

"Hatasikia. Mkikwama, nendeni mtoni mkamwulize yule mama. Na huyo mwamkieni kwa heshima."

Kisha nikashuka barabarani. Lori la Kisii lilikuwa limejaa ndizi mbichi, nikakaa juu ya mikungu. Sijarudi tena.