Kitabu Nilichomsomea Mama Karorina

Mpaka leo nikisikia harufu ya karatasi iliyolowa mvua kisha ikaanikwa juani, nairudia ile likizo ya kidato cha pili, nyumbani kwetu Kasulo, karibu na mpaka. Nilikuwa nakaa barazani na kitabu magotini, na Mama Karorina, jirani yetu, ameketi mkekani na ungo wa maharage anayachambua. Mimi nasoma, yeye anatupa mawe.

Kitabu kilitoka katika sanduku la msaada lililoletwa shuleni likiwa limelowa mvua, tukaanika vitabu juani. Kiliandikwa kwa Kiingereza, ila hadithi ilikuwa ya Uswidi, nchi ambayo, kwa jinsi nilivyoisoma, watu wanakunywa kahawa mchana kutwa bila kuwa na mche hata mmoja shambani. Jambo hilo lilimsumbua mama yangu kuliko kisa chenyewe. Mpelelezi mmoja anayeumwa mgongo anafungua upya faili la mtoto wa kike aliyepotea wakati wa theluji, zaidi ya miaka ishirini nyuma. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini nilitafsiri kwa ujasiri wote, na Kiswahili kiliponiishia nilirukia Kihangaza chetu cha nyumbani, kinachokaribiana na Kirundi, ambacho Mama Karorina, Mrundi, alikisikia vizuri tu.

Jalada la kitabu lilisema kesi ile ni ya baridi. Nikatafsiri: kesi iliyopoa.

“Iliyopoa ni kwamba watu wamesameheana?” aliuliza.

“Hapana, mama. Ni kwamba wamechoka kutafuta.”

Alipepeta ungo wake kidogo. “Basi wenzetu wanachoka baada ya kutafuta,” akasema.

Niwaambie ninyi mnaosoma: Karorina mwenyewe hatukuwahi kumwona. Alikuwa na miaka minane alipoponyoka mkononi mwa mama yake katika msongamano wa watu waliokuwa wakikimbilia upande huu wa mpaka. Mama huyo alifika na jina la mtoto tu, nasi tukamwita kwa jina hilo kisimani, kanisani na gulioni, bila hata siku moja kufikiri tunamkumbusha nini.

Kila alasiri alikuja. Shikamoo yangu haijaisha, yeye ameshauliza, “Wamefika wapi?” Walipokosea njia alikasirika. Mpelelezi alipolala mapema alimwita mvivu.

Subira yavuta heri, lakini mimi sikuwa nayo. Siku moja nilijificha kwenye migomba nikasoma mpaka mwisho. Walimkuta yule mtoto ndani ya kisima cha zamani. Alikufa siku ileile aliyopotea, na miaka yote hiyo mama yake alikuwa akimwekea sahani mezani. Nililia mpaka kamasi zikadondokea ukurasa. Sikujua nitamwambia nini Mama Karorina.

Kesho yake alikuja bila ungo, amevaa kitenge cha kanisani.

“Leo tunamaliza?”

“Tunamaliza.”

Macho yangu yalisoma kisima, mdomo ukasema mengine. Wamempata, nikasema. Mzima kabisa. Ameolewa nchi ya jirani, ana watoto wawili. Nilijiona mwema kupita kiasi. Hakutabasamu.

“Ndivyo kilivyoandikwa?”

“Ndivyo.”

“Baada ya miaka yote hiyo?”

“Ndiyo, mama.”

Akasimama. “Basi twende kwa mtendaji. Utanisaidia kusema.”

Mtendaji wa kata alikuwa kijana mpole. Alimwamkia, akatupa benchi, akauliza taarifa ya mtoto ilifunguliwa kituo gani. Haikuwahi kufunguliwa popote. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze, maana kumbe kule Uswidi walikuwa na cha kufungua. Sisi hatukuwa na hata faili la kupoa.

Kwa huruma tu alichukua karatasi.

“Jina la mtoto?”

“Karorina.”

“Kwa r au kwa l?”

Mama Karorina alinigeukia mimi, msomi. Nami herufi hizo mbili ndizo zilizonichapisha viboko darasani tangu la tatu.

“Andika yote mawili,” akasema mwenyewe. “Nisije nikamkosa mwanangu kwa herufi.”

Akaandika yote mawili. Alisema wazi kwamba hajui karatasi ile aipeleke wapi, ila ataitunza.

Tangu hapo, kila nilipokuja likizo, na hata baada ya kuanza kazi, aliniuliza swali lilelile: “Wamefika wapi?” Sasa hakuwa akiulizia kitabu. Mara ngapi nilitaka kusema kweli! Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alishaanza kuwahesabia wajukuu miaka.

Tulimzika mwaka jana. Siku ya matanga mama yangu, akikoroga uji wa waombolezaji, aliniambia jambo ambalo alidhani nalijua. Wiki ile ya kitabu, Mama Karorina alikuwa ameloweka mtama wa pombe ya kuondolea matanga ya Karorina. Alimwambia mama yangu: mtoto wako akimaliza kusoma, nikisikia yule wa Uswidi amekufa, na mimi nitamlilia wangu, nipumzike. Yeye mwenyewe hakuweza kulitamka neno hilo. Alitaka litoke kwenye mdomo wa mtu mwingine, naye akanichagua mimi.

Mtama ule aliwamwagia kuku jioni ileile tuliyotoka kwa mtendaji. Nawakumbuka wale kuku wakigombania. Nilisimama kwenye ua wetu nikimtazama, nikadhani ni furaha.